Njia ya Tabuk: Al-Hijr na Mahema ya Mabedui

Mahujaji wengi wa kwetu hulijua jangwa la Hijazi kwa kulitazama kupitia kioo cha basi, baina ya Jedda, Makka na Madina. Kaskazini ya Madina hawafiki, kwa kuwa ibada yao imekwisha na siku ya ndege imewadia. Sisi tulikuwa watu kumi na tisa wa msikiti mmoja, wanaume, wanawake na vijana wanne. Tulipomaliza Umra na ziara tulijiongezea siku tatu, tukakodi basi dogo na kuishika njia ya Tabuk. Ni njia aliyoipita Mtume Muhammad (s.a.w.) katika mwaka wa 9 Hijria, jua likiwa kali na matunda ya Madina yakiwa yameiva, akiwa na jeshi ambalo vitabu vya Sira huliita jeshi la dhiki. Sisi tulikuwa na kiyoyozi. Jambo hilo tulikumbushana mara kwa mara, hasa pale kijana mmoja alipolalamika kwamba maji yake ya chupa yamepata moto.

Khaybar tuliipita asubuhi. Ardhi yake ni nyeusi, mawe ya volkano yaliyomwagika na kuganda mpaka upeo wa macho, na katikati ya weusi huo mabonde ya mitende. Tulisimama kwa muda mfupi tu, tukasoma dua na kuendelea.

Al-Ula iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Madina, nayo ni bonde la mitende lililobanwa na majabali mekundu. Mji wake wa kale, nyumba mia kadhaa za mawe na udongo zilizoegemeana kama watu waliosongamana safu ya kwanza, umebaki bila wakazi tangu wenyewe walipohamia mji mpya katika karne iliyopita. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1326 pamoja na msafara wa Sham, takriban miaka mitano kabla ya kufika kwetu Mombasa na Kilwa. Aliandika kwamba mahujaji walikaa Al-Ula siku nne, wakafua nguo, wakanunua mahitaji na kuacha amana ya mizigo iliyowazidi, kwa sababu wenyeji walijulikana kwa uaminifu. Nasi tuliacha masanduku yetu kwa mwenye nyumba ya wageni. Alitupa risiti tatu.

Usiku ule, baada ya Isha, ndipo ulipozuka mjadala ambao tulikuwa tukiuahirisha tangu Madina. Al-Hijr iko mwendo mfupi kaskazini ya Al-Ula, na ni makazi ya Thamud, kaumu ya Nabii Swaleh (a.s.). Watoto wetu wa madrasa wanakijua kisa chake: ngamia aliyeletwa kuwa ishara, zamu ya maji, siku yake na siku yao, kisha wakamchinja na adhabu ikawakuta asubuhi wamelala kifudifudi majumbani mwao. Na imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika hapo aliwakataza Masahaba kuingia makazi ya walioadhibiwa ila wawe wanalia, wasije wakafikwa na yaliyowafika wale. Alijifunika kichwa akaharakisha mwendo. Waliokwisha kuteka maji ya visima vile waliamrishwa kuyamwaga, na waliokanda unga kwa maji hayo wakaamrishwa kuwalisha ngamia. Wakaruhusiwa kisima kimoja tu, kile alichokuwa akinywa ngamia wa Swaleh.

"Mimi Al-Hijr siendi," alisema mzee wetu mmoja, mwenye umri mkubwa kuliko sote. "Mtume wangu amekimbia pale, mimi nikatembee kwa tiketi?"

Shekhe aliyetuongoza hakumpinga. "Neno lako lina dalili, mzee wangu," alimjibu, "wala hapana atakayekulazimisha. Lakini hadithi imeweka sharti, haikufunga mlango. Na Qur'ani imetuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi, tuangalie ulikuwaje mwisho wa waliokadhibisha."

"Basi nani kati yetu analia?" aliuliza mzee.

Swali hilo lilinyamazisha chumba. Baadaye ilikubaliwa kwamba kila mtu ajiamulie. Watu saba walibaki Al-Ula pamoja na mzee. Kumi na wawili tulikwenda kwa masharti tuliyojiwekea wenyewe: hatutakula wala kunywa ndani ya eneo, hatutapiga picha za kujipamba mbele ya milango, na hatutakaa zaidi ya haja.

Magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia. Hupandwa basi la eneo lenyewe. Aliyetueleza habari za mahali pale alikuwa binti wa Al-Ula, mwenye nikabu na Kiarabu fasaha, na shekhe wetu akawa anatufasiria. Tuliyoyaona hayafanani na magofu ya Kilwa au Gedi, ambako kuta zilijengwa jiwe juu ya jiwe. Hapa ujenzi ni wa kuondoa. Jabali zima limechongwa uso wake mpaka likawa na nguzo, kizingiti, ngazi za mapambo juu na mlango mmoja chini. Lile linaloitwa Qasr al-Farid, kwa maana ya jengo la pekee, limesimama peke yake kwenye mchanga na halikumalizika. Juu ni laini kama limepigwa msasa, chini bado kuna alama za patasi. Kwa hilo mtu huelewa bila ya kuambiwa kwamba mafundi walianzia juu wakishuka, wasihitaji kuweka jukwaa chini.

Kijana wetu wa miaka kumi na minne aliuliza, na tunashukuru kwamba aliuliza: hizi ni nyumba za Thamud?

Binti akajibu kwamba haya ni makaburi. Yapo zaidi ya 100 na mengi yana nakshi. Wenyewe ni Anbati, kaumu ya Kiarabu iliyotawala kutoka Petra, na juu ya milango kadhaa wameandika majina yao na mwaka wa mfalme wao, ndiyo maana inajulikana kwamba yalichongwa katika karne ya kwanza kabla na ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Thamud wametajwa mapema zaidi, hata katika kumbukumbu za Sargon, mfalme wa Ashuri, karne ya 8 kabla ya hapo. Mahali ni pale pale, watu ni wengine.

Hapa tunapenda kusema neno na walimu wa madrasa. Picha ya Qasr al-Farid imeenea katika simu na kalenda zetu ikiwa na maandishi kwamba ndiyo nyumba ya Thamud. Ibn Battuta naye alidhani hivyo, na hana lawama, kwani katika zama zake hapakuwa na aliyeweza kuyasoma maandishi yale. Sisi tumeyasomewa. Qur'ani imesema walichonga majabali wakafanya nyumba, na hadithi imetuonyesha bonde lao. Haikutuambia kwamba mlango huu au ule ni wao. Mtoto akifundishwa kwa picha isiyo sahihi, siku atakapoisoma tarehe ya kaburi lile atashuku kisa chenyewe, na kosa litakuwa la picha.

Kaburi moja lilitushika zaidi ya mengine. Maandishi yake yanasema kwamba lilichongwa na mwanamke aitwaye Kamkam binti Waila, na binti yake Kulayba, kwa ajili yao na vizazi vyao. Kisha wanamlaani atakayeliuza, kulipangisha au kumzika humo mtu asiyehusika, na wanawaomba miungu yao waitekeleze laana hiyo. Miongoni mwa miungu hiyo wamo Lata, Manata na Hubal. Majina haya tuliyazoea katika Suratun-Najm na katika habari za kufunguliwa Makka. Kuyakuta yamechongwa juu ya mlango, kwa mkono wa mtu aliyeyaamini, ni jambo jingine. Katika msafara wetu alikuwamo mama aliyekuja na binti yake. Alisimama mbele ya jabali, akauliza kama wale wawili wangali humo. Akaambiwa la, limebaki tupu. Akashika mkono wa mwanawe, na ndipo tulipomwona analia. Sisi wa kamati ya msikiti, tunaosuluhisha kila mwaka ugomvi wa viwanja vya kuzikia na watu wanaotaka kuyazungushia makaburi ya wazee wao seng'enge na marumaru, tuliinamisha nyuso.

Karibu na hapo kuna kituo cha reli ya Hijazi, iliyoanzwa na Sultan Abdulhamid wa Pili mwaka 1900 kwa michango ya Waislamu wa nchi nyingi, ikafika Madina mwaka 1908. Safari ya ngamia kutoka Dameski, iliyochukua zaidi ya mwezi, ikawa ya siku chache. Haikudumu. Vita Kuu ya Kwanza iliivunja, na leo kituo kinatunzwa kama kumbukumbu. Tulikitazama tukiwa na kiu. Chupa hazikufunguliwa mpaka tulipotoka.

Tuliwarudia wenzetu, na kesho yake tukaendelea kaskazini. Huko majabali husimama mchangani kama visiwa maji yakiwa yamepwa, na baina yake huonekana mahema. Mtu mmoja aliyekuwa akinywesha ngamia kando ya barabara alituashiria tusimame, na dereva akatwambia kwamba tukikataa tutamvunjia heshima. Hema la Mabedui ni la manyoya ya mbuzi weusi, hufumwa na wanawake, na lina siri yake: katika ukavu mfumo huachia hewa ipite, mvua ikinyesha nyuzi huvimba na kuziba. Pazia hugawa upande wa wanaume na wa wanawake. Mama zetu walipokelewa huko ndani na tulisikia vicheko kabla hatujasikia salamu.

Kahawa ilitwangwa mbele yetu, ikatiwa iliki, ikamiminwa kutoka kwenye dele ndani ya vikombe vidogo visivyojaa. Anayetosheka hukitikisa kikombe. Asiyetikisa huendelea kumiminiwa. Mzee wetu hakuijua desturi hiyo, akanywa vikombe saba kwa adabu.

Mwenyeji alitueleza maisha yao bila ya kuyapamba. Watoto wake husoma mjini na huja hemani siku za mapumziko. Ngamia huchungwa na kijana wa Kisudani aliyeajiriwa. "Baba yangu aliifuata mvua," alisema. "Mimi boza la maji linanifuata." Alipoulizwa kwa nini basi asihamie mjini moja kwa moja, alimwonyesha shekhe ngamia jike mmoja na kusema kwamba mama yake huyu, na nyanya yake, wote walizaliwa mikononi mwa nyumba hii.

Wakati wa Alasiri uliingia. Hapakuwa na mihrabu, ila mchanga, na wawili kati yetu wakatandika misala kuelekea kaskazini, kwa mazoea ya umri mzima wa Dar es Salaam. Mwenyeji aliwageuza mabega taratibu, akawaelekeza kusini. Nyuma yetu alisimama yeye, wanawe na yule kijana wa Kisudani, na ngamia wakaendelea kunywa.

Tabuk tuliiingia usiku. Huko Mtume (s.a.w.) hakukutana na jeshi lolote, alikaa siku zipatazo ishirini, akafunga mkataba na mtawala wa Ayla, akarejea. Tulisali katika msikiti unaoitwa At-Tawba, mahali panaposemekana alisali. Mzee alikaa humo muda mrefu kuliko sote, na alipotoka aliuliza kama kuna atakayempa maji, kwani kahawa ya Mabedui ilikuwa bado inampiga moyo. Asubuhi ndege iliirudi hadi Jedda njia yote ile kwa muda usiozidi saa mbili, vijana wakiwa wamelala.