Fumbo la Tarakimu Lenye Picha Ndani Yake

Twataka kuwaeleza fumbo ambalo jawabu lake si neno bali ni picha. Asili yake ni Japani. Mwaka 1987 bibi mmoja, Non Ishida, alishinda shindano huko Tokyo kwa kufanya picha kwa taa za jumba refu, nyingine zimewashwa na nyingine zimezimwa. Mjapani mwingine, Tetsuya Nishio, naye alibuni fumbo la namna hiyo kwa akili yake mwenyewe. Mwaka 1990 gazeti la Sunday Telegraph la Uingereza lilianza kulichapa, nalo likaitwa Nonogram kwa jina la bibi yule.

Fumbo lenyewe ni vijumba vilivyopangwa kwa safu za kulala na za kusimama. Kando ya kila safu pana tarakimu. Zikiwa 4 na 3, maana yake ni vijumba vinne vyeusi vilivyoshikana, kisha cheupe kimoja au zaidi, kisha vyeusi vitatu.

Tulipowapa watoto wa darasa letu fumbo hili, wengi walianza kubahatisha. Mmoja aliona mfano wa kishungi, akapiga kelele, “Ni jogoo!” akajaza mkia mahali alipopenda. Lakini kijumba kimoja kibaya huharibu safu ya kusimama, nayo huharibu za kulala. Na kosa huonekana mbali na pale lilipozaliwa. Ndipo hapana budi kufuta yote.

Basi afanyeje? Na apime. Safu ina vijumba 10, na tarakimu ni 8. Fungu hilo laweza kuanza kijumba cha 1, cha 2 au cha 3, wala si pengine. Lianzapo po pote, vijumba vya 3 hadi 8 vitakuwa vyeusi. Hivyo sita vimejulikana, ingawa mwanzo wenyewe haujajulikana. Zikiwa 4 na 3, vya hakika ni vitatu tu: cha 3, cha 4 na cha 8. Ikiwa ni 5 peke yake, hapana hata kimoja. Na mtu mwenye busara huiacha safu ile, akaenda kwenye nyingine.

Tena asidharau weupe. Fungu likitimia, tia nukta katika vijumba vya kando yake. Nafasi isiyoweza kuchukua fungu lo lote, itie nukta pia. Kujua mahali pasipo kitu ni elimu vile vile, kwa kuwa nukta ya safu hii huwa mlango wa safu ile.

Na njia zote zikifungwa? Chukua kijumba kimoja, useme, “Kama ni cheusi, yafuata nini?” Ukifika penye kupingana na tarakimu, umepata hakika kwamba ni cheupe. Huku si kubahatisha. Kwani abahatishaye hutaka dhana yake iwe kweli, bali apimaye huijaribu apate kujua kama ni uongo.

Kwa hiyo, waalimu wenzetu, mtoto akikuletea picha iliyokamilika, usiisifu upesi. Mwonyeshe kijumba kimoja, umwulize, “Hiki umekijuaje?” Akiweza kujibu, amejifunza kitu kipitacho picha.