Siku Tano Kati ya Visiwa vya Unguja

Sisi watu wa Kivu tumezaliwa kando ya maji. Mtoto wa Idjwi hujua kupiga kafi kabla hajajua kuandika jina lake. Kwa hiyo tulipofunga safari, watu saba kutoka Bukavu, kwenda kuvitembelea visiwa vya Unguja, hakuna kati yetu aliyewaza kwamba tunakwenda kufundishwa mambo ya maji. Kumbe tulifundishwa, tena kwa aibu kidogo. Ndiyo sababu ya kuwaandikia habari hii.

Tulikuwa walimu watatu, mwuguzi mmoja, kijana mmoja wa chuo, na fundi seremala pamoja na mkewe. Tuliweka akiba miaka miwili. Sote tulikuwa na furaha isipokuwa yule mama, mke wa seremala. Zamani kaka yake alizama ziwani siku ya dhoruba, nao mwili wake haukuonekana. Tangu siku ile mama huyu hakutia tena mguu wake majini. Alikuja kwa kumpenda mumewe, akatuambia wazi: “Mimi nitakaa ndani ya chombo, nitawalindia nguo.”

Nahodha wetu

Unguja ni kisiwa cha Bahari ya Hindi, chenye urefu wa kilomita 85 hivi. Kaskazini yake kuna ndugu yake Pemba, na pembeni yao vimetapakaa visiwa vidogo vingi. Kutoka Dar es Salaam meli za mwendo wa kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Tulipofika tulipokelewa na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, nahodha wa dau ambalo lingetuchukua siku zote. Tulimsalimu kwa desturi yetu: “Jambo yenu!” Akacheka sana, akajibu: “Karibuni, wanangu. Jambo letu sisi hapa ni bahari.” Tangu hapo tukajifunza kumwamkia “Shikamoo,” naye akituitikia “Marahaba.”

Kabla hatujaondoka alimpa kila mtu jaketi ya kuokoa maisha. Kijana wa chuo akasema kwamba yeye anajua kuogelea. Mzee akamjibu: “Vema sana. Basi ivae, ili ujue kuogelea hata kesho.”

Changuu

Siku ya kwanza tulikwenda Changuu, kisiwa kilicho karibu na mji. Wengine hukiita kisiwa cha gereza, kwa maana mwaka 1893 lilijengwa hapo jumba la kufungia wafungwa. Lakini jumba hilo halikutumika kwa kazi hiyo. Likawa mahali pa kuwatenga wasafiri walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Leo wakazi wake mashuhuri ni makobe wakubwa ajabu. Wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Dume akikua sana aweza kupita kilo 200.

Hapo ndipo tulipofundishwa kutazama chini ya maji. Kila mmoja alipewa miwani mikubwa ifunikayo macho na pua, mrija wa kupumulia kwa kinywa, na mapezi ya kuvaa miguuni. Namna yake ni hii: hulala juu ya maji kifudifudi, huvuta pumzi polepole, wala huna haja ya kupiga maji kwa nguvu. Mwenye haraka huchoka na kumeza chumvi. Mwenye utulivu hukaa muda mrefu. Wanafunzi wafahamu pia neno hili: majini kila kitu huonekana karibu na kikubwa kuliko kilivyo, karibu kwa theluthi moja, kwa sababu nuru hupinda ipitapo kutoka majini kuingia katika hewa iliyo ndani ya miwani. Mwalimu mwenzangu alinyoosha mkono kumgusa samaki, akashika maji matupu, nasi tukacheka.

Mama yetu alibaki chomboni, akilinda nguo kama alivyosema.

Fungu la mchanga

Siku ya pili tulikwenda kusini, katika Ghuba ya Menai, iliyo eneo la hifadhi tangu mwaka 1997. Dau lilikokota mitumbwi mitatu myepesi ya plastiki, iitwayo kayaki, kila mmoja wa watu wawili. Karibu na kisiwa kidogo cha Kwale liko fungu la mchanga mweupe, ambalo huonekana maji yakipwa na kutoweka maji yakijaa.

Hapa sharti nieleze. Ziwa letu la Kivu halina kupwa na kujaa tunakoweza kukuona kwa macho. Lakini bahari huvutwa na mwezi na jua, hata maji yake hupanda na kushuka mara mbili kila siku; na saa zake husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, huja bamvua, yaani maji huenda mbali kwa kupwa na huja juu kwa kujaa. Wakati huo, pwani ya Unguja, tofauti ya juu na chini yaweza kupita mita tatu. Sisi tulifika siku ya bamvua.

Nahodha alichoma kijiti mchangani, akasema: “Wanangu, maji yakifika hapa, kila mtu awe amerudi.” Kisha akatandika mkeka wake, akasali. Baadaye alitusimulia habari za Misali, kisiwa cha upande wa Pemba: kwamba zamani mtakatifu wa kale alifika pale, akaomba mkeka wa kusalia, ulipokosekana, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Hivyo kikapata jina. “Na msala,” akasema mzee, “mtu hautii uchafu.” Neno hili lilitukaa moyoni.

Basi mimi na yule kijana tukachukua kayaki, tukalizunguka fungu. Tuliona kijiti kwa mbali, tukasema bado nafasi ipo. Mama wa seremala ndiye aliyekuwa akikitazama kijiti kile bila kuondoa jicho, kwa kuwa woga haulali. Alisimama akatupungia kitambaa na kupaza sauti. Sisi tulimpungia mkono, tukicheka.

Tulipogeuza kayaki, maji yalikuwa yamekwisha pita kijiti, na mkondo ulikuwa ukipita kama mto. Tulipiga kafi kwa nguvu zetu zote, fungu halikukaribia hata kidogo. Tulipiga tena, nalo likaanza kwenda mbali. Mikono ilitetemeka. Mimi, niliyejivuna kwamba nimezaliwa majini, nilikumbuka wanangu nyumbani, nikakosa la kusema. Ndipo tukasikia sauti ya mzee: “Msipigane nao! Ukateni! Elekezeni kisiwani!” Tukaacha kushindana na mkondo, tukaukata kwa upande, tukielekea Kwale polepole. Hapo dau likaja, wakatuvuta ndani.

Mzee hakutugombeza. Alitupa chai, akasema tu: “Bahari ina saa yake, wala haimngojei msomi.” Lakini nilipomtazama mama yetu, nikaona machozi yakimtiririka. Nikafahamu kwamba kwa nusu saa ile alikuwa amemwona kaka yake mara ya pili. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Yeye akajibu: “Mwalimu, mimi si mjuzi wa maji. Lakini aliyeumwa huangalia.”

Mikoko ya Uzi

Siku ya tatu, kwa adabu kubwa, tulipiga kafi katikati ya mikoko karibu na kisiwa cha Uzi. Tangu zamani watu wa Uzi wamevuka kwenda Unguja kwa kufuata saa za maji: yakipwa, walipita kwa miguu na hata kwa gari, yakijaa, walingoja. Huko sikuona mtu anayebishana na bahari.

Mikoko ni miti iotayo katika maji ya chumvi. Mizizi yake husimama juu ya matope kama miguu ya buibui. Katikati ya mizizi hiyo samaki wadogo na kamba hujificha wasiliwe, mpaka wakue. Mtu akatapo mikoko yote kwa kuni, amevunja nyumba ya kulelea watoto wa samaki. Kisha atashangaa mbona wavu wake ni mtupu.

Chumbe

Siku ya nne ndiyo siku nisiyoweza kuisahau. Tulikwenda Chumbe, kisiwa kidogo kilicho kilomita 12 hivi kusini ya mji, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwaka 1994 miamba ya matumbawe ya upande wa magharibi ilitangazwa kuwa hifadhi, nao uvuvi ukakatazwa hapo. Nyumba za wageni ni saba tu. Paa zake hukusanya maji ya mvua, kwa kuwa kisiwa hakina kisima, na umeme hutoka katika jua. Faida ya wageni husaidia kuwaleta wanafunzi wa Unguja kujifunza habari za bahari yao. Usiku hutembea huko kaa wakubwa sana, wenye nguvu za kupasua nazi.

Yafaa tujue matumbawe ni nini. Si mawe, wala si maua. Ni makao ya viumbe vidogo mno, ambavyo hujenga chokaa kidogo kidogo vizazi kwa vizazi. Aina nyingine hukua kwa sentimita moja tu kwa mwaka. Basi donge lenye ukubwa wa meza laweza kuwa na umri kuliko babu zako. Ndani ya viumbe hivyo huishi mimea midogo sana inayovilisha na kuvipa rangi. Maji yakizidi joto, mimea hiyo huondoka, nayo matumbawe hubaki meupe kama mifupa. Joto lisipopungua mapema, hufa. Mwaka 1998 jambo hilo liliyapiga matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, na limerudi tena baadaye. Mtu akikanyaga kwa mguu wake, huvunja kwa dakika moja kazi ya miaka mingi.

Mlinzi aliyetuongoza alitueleza kwamba zamani yeye mwenyewe alikuwa mvuvi. Kijana wa chuo akamwuliza kwa ukali kidogo: “Je, si dhuluma kumfungia maskini bahari, ili wageni watazame samaki?” Mlinzi hakukasirika. Alijibu: “Hata mimi niliuliza hivyo. Lakini hapa tumefunga ukanda mdogo tu. Samaki hawajui mpaka. Huzaa humu kwa amani, na watoto wao hutoka nje, nao ndugu zangu huwavua. Tungelivua pote, tungekosa pote.” Swali la kijana lilikuwa la haki, na kila mahali panapofungwa lazima liulizwe tena, hasa kwa kuangalia nani anakula na nani analala njaa. Lakini jibu nalo lilikuwa na uzito.

Tulipokuwa tukivaa miwani, mama yetu alisimama. Hatukumwita, wala mumewe hakumsihi. Alimwuliza nahodha: “Mzee, maji yanakwenda wapi sasa?” Mzee akajibu: “Yamesimama, mwanangu. Kwa muda hayaendi wala hayarudi.” Akasema: “Basi nipeni jaketi.”

Aliingia akishika mkono wa mlinzi upande mmoja na mkono wa mumewe upande wa pili. Mara ya kwanza alitoa uso mara moja, akakohoa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu hakutoa. Chini yake palikuwa na samaki wa manjano, wa buluu, wenye milia kama punda, makundi kwa makundi kati ya matumbawe yenye umbo la sahani na pembe za paa. Tuliona mgongo wake umetulia juu ya maji, na mrija wake ukipumua polepole. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko sisi sote.

Alipopanda chomboni alikaa kimya. Kisha akasema: “Miaka yote hii nilidhani chini ni giza tupu.” Hakuna aliyeongeza neno.

Minara miwili

Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa miaka ya 1890, watu wa mji huliita Minara Miwili. Jioni iliyotangulia, tulipokuwa tukirudi kutoka Chumbe, mzee alituonyesha minara hiyo ikitokea juu ya mapaa ya mji. “Kwangu hii ni alama njema ya kurudia nyumbani,” alisema. Asubuhi tulisali humo, naye mama akawasha mshumaa kwa ajili ya kaka yake.

Nilikumbuka kwamba ng'ambo ya mlango huu wa bahari ndiko Bagamoyo, ambako mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliondoka kwenda kwenye maziwa makuu. Kabla yao, kwa njia hizo hizo, watu wengi kutoka bara letu walishushwa pwani wakiwa watumwa, na soko lao hapa Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu. Lugha ninayowaandikia ilipanda kwetu kwa njia hizo, za huzuni na za wema pia.

Sasa tumerudi Kivu. Ziwa ni lile lile, lakini sisi tumebadilika kidogo. Seremala amenunua jaketi mbili, wala hapandi mtumbwi bila hizo. Kijana wa chuo huwaeleza wavuvi wenzake habari za nyavu zenye matundu madogo mno, ambazo huvua hata watoto wa sambaza. Samaki hao waliletwa ziwani mwetu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Waliletwa na watu, nao waweza kumalizwa na watu.

Nanyi wanafunzi, mkienda majini, msione haya kumsikiliza anayeogopa. Huenda ndiye peke yake anayekitazama kijiti.