BOHOL: MKOA MZURI, MBONA WENYEWE WAUHAMA?

Ukifungua atlasi kwenye ukurasa wa Asia ya Kusini Mashariki utaiona nchi ya Ufilipino imetapakaa baharini kama punje za mchele zilizomwagika. Visiwa vyake vyapita 7,000. Tafuta kisiwa chembamba kirefu kiitwacho Cebu, kisha teremsha kidole kidogo upande wa kusini-mashariki. Hapo pana kisiwa cha mviringo. Hicho ndicho Bohol, na pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka ni mkoa unaojitegemea, makao makuu yake yakiwa mji wa Tagbilaran.

Utaniuliza, mtoto wa Kilifi na Bohol wapi na wapi? Mama yangu ni mpishi katika nyumba moja mjini Doha, nchini Qatar, na mwenzake wa chumba ni mama wa kutoka huko. Mama hupika, yule mwenziwe hulea watoto wa tajiri. Usiku kazi zikiisha wao huhadithiana makwao, na kila likizo nifikapo nyumbani mama hunitumia hadithi hizo kwa simu, moja baada ya nyingine. Mwalimu wetu wa Jiografia hakubali "niliambiwa", kwa hivyo nilikwenda vitabuni na kwenye intaneti nikahakikisha. Mengi niliyoambiwa yalikuwa kweli tupu.

Kwanza nikalinganisha na kwetu. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta Bohol watu wapatao 1,394,000. Kaunti yetu ya Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787 mwaka 2019. Tunakaribiana, sivyo? Lakini ardhi yao ni kilomita mraba 4,800 hivi, nasi tunazo zaidi ya 12,000. Wamebanana, hasa!

Kinachowaleta wageni Bohol kabla ya chochote ni vilima. Si kimoja wala si kumi, ni zaidi ya 1,200, na wengine huhesabu hadi 1,776. Vimesimama bondeni kimoja kimoja, vyote vya mviringo, kama maandazi yaliyopangwa siniani. Vingi vina kimo cha mita 30 hadi 50. Ni mawe ya chokaa, mabaki ya matumbawe na makombe ya bahari ya kale yaliyoinuliwa kutoka chini ya maji, kisha mvua ya miaka na mikaka ikayachonga. Miti haioti juu yake, ni nyasi tu. Kiangazi kikifika nyasi hukauka na kuwa kahawia, na ndipo vikaitwa Vilima vya Chokoleti. Wazee wa huko wana maelezo yao: kulikuwa na jitu lililompenda binti wa binadamu, binti akafa, jitu likalia, na kila tone la chozi likawa kilima. Mimi nayapenda maelezo ya wazee, ingawa katika mtihani nitaandika ya chokaa.

Pia wana mnyama aitwaye tasia. Ukimjua komba wetu anayelia usiku juu ya miembe, basi mpunguze mpaka aenee kwenye kiganja, kisha mpe macho makubwa kupita kiasi, kila jicho likiushinda ubongo wake kwa ukubwa. Mchana hulala, usiku huwinda wadudu. Ni mwoga ajabu, na kushikwashikwa na kumulikwa na kamera humtesa. Zamani wageni waliwekewa vizimbani wamchezee. Siku hizi kuna hifadhi huko Corella ambako mgeni hutembea kimyakimya na haruhusiwi kumgusa.

Historia yao nayo si haba. Mwezi Machi 1565 mkuu wa huko, Datu Sikatuna, alichanjiana na Mhispania Miguel López de Legazpi: walijikata, wakachanganya damu, wakanywa, wakawa ndugu. Wazee wetu wa Pwani wanaujua undugu wa kuchanjiana, na wanajua pia kwamba ndugu wa namna hiyo hakudhulumu. Wahispania wakatawala miaka zaidi ya 300. Mwaka 1744 mtu aitwaye Francisco Dagohoy akakasirika baada ya padri kukataa kumzika ndugu yake, akaingia milimani na watu wake. Vita hivyo vilikwisha mwaka 1829. Miaka 85! Waliovianzisha walikufa, wakavirithisha wana na wajukuu.

Ule utawala ulijenga makanisa ya mawe ya matumbawe, kama kuta za Gede zilivyojengwa kwetu. Kanisa la Baclayon lilimalizika mwaka 1727. Tarehe 15 Oktoba 2013, asubuhi, tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.2 liliitikisa Bohol. Watu zaidi ya 200 walikufa. Mnara wa Baclayon ukaporomoka, kanisa la Loboc likabomoka, na la Loon likawa kifusi. Hapa pana jambo ambalo lilimfanya mama asimamishe hadithi na kusema "Subhanallah". Siku hiyo ilikuwa Idd-ul-Hajj. Nchi ile wengi wao ni Wakatoliki, lakini Idd ni sikukuu ya taifa, kwa hivyo shule na afisi zilikuwa zimefungwa. Ingekuwa siku ya masomo, nani ajuaye ni wanafunzi wangapi wangefukiwa madarasani? Bintiye yule mwenzake mama alikuwa darasa la pili. Alikuwa nje uani akicheza.

Nyumba yao ilianguka. Ndipo mama yule alipokwenda Uarabuni, kutafuta pesa za saruji na mabati.

Basi watu wa Bohol wanakula nini? Wanalima mpunga mwingi, wana minazi, wanavua. Wana kiazi kikuu cha rangi ya zambarau wakiitacho ubi, na wanakiheshimu kwa sababu kiliwaokoa wakati wa njaa: kikikuponyoka kikaanguka, desturi ni ukiokote na kukibusu. Wanawake wa Tubigon hufuma vitambaa vya ukindu laini, wale wa Antequera husuka vikapu, na Jagna wanatengeneza kalamay, tamutamu ya unga wa mchele, tui na sukari inayouzwa ndani ya vifuu viwili vilivyofungwa.

Lakini lililonikamata zaidi ni chumvi ya Alburquerque. Sisi tunaoishi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni tunajua maji ya bahari huachiwa jua likafanya kazi. Wao hawafanyi hivyo. Huroweka makumbi ya nazi katika maji ya bahari kwa miezi kadhaa, huyakausha, huyachoma siku nyingi mpaka yawe majivu, halafu humimina tena maji ya bahari juu ya majivu hayo ili yachujike. Maji yanayotoka hupikwa ndani ya vyungu, na huongezwa kidogo kidogo mpaka chumvi inagandamana ikawa jiwe moja. Huiita asin tibuok, yaani chumvi nzima. Chungu hupasuka kwa moto, kwa hivyo kila chumvi inakula chungu chake! Mwaka 1995 nchi ilipitisha sheria ya kutia madini joto katika chumvi yote. Ni sheria nzuri kwa afya, ila watengenezaji wadogo hawakuiweza, na waliobaki na kazi hiyo ni familia chache mno. Siku hizi wapishi wa hoteli za ng'ambo huitafuta kwa bei ya juu.

Utalii ndio unaotangazwa zaidi. Wageni hujazana kisiwa cha Panglao kwenye mchanga mweupe, au hula chakula juu ya maboti yanayoelea katika mto Loboc. Uwanja mpya wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa Panglao mwezi Novemba 2018, na mwaka 2023 UNESCO ikaitambua Bohol kuwa Jiopaki ya Dunia, ya kwanza nchini humo. Ila pesa za wageni zina nuksi. Uviko ulipoingia mwaka 2020 wageni walikatika ghafla, na kabla hawajarudi vizuri, tufani iitwayo Odette ikapiga Desemba 2021, ikang'oa mapaa na minazi. Kisha Machi 2024 ikasambaa video ya hoteli yenye bwawa la kuogelea iliyojengwa miguuni mwa vilima vyenyewe. Watu wakapiga kelele, hoteli ikafungwa. Mimi nasema kelele zilistahili, lakini nawaelewa wakulima wanaomiliki ardhi pale. Wanaambiwa wavitunze vilima kwa ajili ya dunia nzima, na dunia haiwalipii karo. Wenzangu wa Watamu mnaonielewa, mnanielewa.

Ndiyo sababu watu huondoka. Wanaume wengi huenda melini. Wale mabaharia wafupi wacheshi tunaowaona Mombasa wakinunua vinyago, wengi ni Wafilipino. Wanawake huenda majumbani na hospitalini. Pesa wanazotuma Wafilipino walio nje hupita dola bilioni 30 kwa mwaka, na serikali yao huwaita mashujaa. Nilipomsomea mama neno hilo alicheka sana. Akasema, "Shujaa haombi ruhusa ya kwenda sokoni."

Mwenzake anarudi Bohol mwezi wa kwanza, baada ya miaka zaidi ya kumi. Nyumba imesimama, ya mawe, na nyuma ameongeza vyumba viwili atakavyowakodisha wageni wanaokwenda kuona vilima. Bintiye, yule aliyekuwa uani siku ya tetemeko, anasomea uuguzi, na karo yake yote imetoka Doha. Mama alimpongeza, akamwambia sasa watakaa pamoja wafidie siku zilizopotea. Mwenzake akanyamaza kidogo, kisha akamwonyesha picha kwenye simu. Ni pasipoti mpya ya binti. Ameshaiomba kazi Saudia.