Siku ya Kuoga Mwaka Huko Makunduchi

Sisi tuliozaliwa Runyenjes, chini ya Mlima Kenya, twaujua mwezi wa Julai kuwa ni mwezi wa baridi na manyunyu. Mwaka huu nilipopata likizo katika mwezi huo, nilisafiri kwa basi mpaka Dar es Salaam, nikavuka bahari kwa boti hadi Unguja, ili nikaione sikukuu ya Mwaka Kogwa katika mji wa wavuvi uitwao Makunduchi, kusini ya kisiwa hicho.

Mwaka Kogwa maana yake ni kuoga mwaka. Wenyeji husimulia kwamba desturi hii ilikuja na Washirazi kutoka Uajemi, nayo ni mwanzo wa mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365. Siku hizo huhesabiwa kumi kumi, na kila kumi huitwa mwongo. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwandamo wa mwezi, hauendi sawasawa na mvua. Basi kwa hesabu ya miongo wazee wa pwani walijua wakati wa kupanda na majira ya pepo za kusafiria. Mkulima yeyote ataona faida yake.

Nilipokewa na mzee mmoja mvuvi, kwa maana watu wa huko huamini kwamba nyumba isiyo na mgeni siku ile haina heri. Hapo ndipo nilipoifahamu vema methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Siku yenyewe ilipofika, wanaume wa upande wa kusini na wa upande wa kaskazini walikutana uwanjani, wakapigana kwa vigogo vya migomba. Walipigana kwelikweli, huku wanawake waliovaa nguo zao nzuri wakiimba. Baadaye kibanda cha makuti kilitiwa moto, na watu wakatazama moshi unaelekea wapi, ili wajue bahati ya mwaka unaoingia. Kisha waliopigana wakapeana mikono, wakaenda kula pamoja.

Nilimwuliza mwenyeji wangu, "Mzee, kupigana huku hakuzidishi chuki?"

Akajibu, "Mwanangu, kinachozidisha chuki ni kukaa nayo. Hapa mwenye kinyongo hukitoa leo, na kesho haruhusiwi kukitaja."

Maneno hayo yalinichoma. Kazi yangu ni ukarani, na katika mafaili ya mashamba nimeona kesi za mipaka ambazo waliozianza wamekwisha kufa, na watoto wao wanaziendeleza. Hata nyumbani kwetu, baba yangu na ndugu yake hawakuwa wamesalimiana kwa miaka minane, kwa ajili ya kipande cha ardhi kisichotosha mistari miwili ya kahawa. Wahenga walisema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune." Lakini sisi watoto tuliacha jembe, tukachukua upande.

Ndugu wasomaji, siwaambii mpigane kwa migomba, wala mimi niliyelelewa na misheni siuulizi moshi habari za kesho. Lakini watu wa Makunduchi wamejua jambo moja ambalo sisi wa bara tumelisahau: ugomvi usiowekewa siku ya kwisha hauishi wenyewe. Korti yaweza kuonyesha mpaka ulipo, lakini haina amri ya kuwafanya ndugu wasalimiane. Amri hiyo imo mikononi mwa jamaa wenyewe, nao wapaswa kuitafutia siku.

Niliporudi nilizungumza na baba, naye akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akanituma nikamwite baba mdogo. Alikuja jioni akiwa na fimbo yake, akaketi karibu na mlango, akanywa chai vikombe viwili. Habari za mpaka hazikutajwa, na kesi bado iko kortini. Lakini alipoondoka, baba alimsindikiza mpaka barabarani.