Pampu Iliyogoma Kutoka



Tafakari ya juma hili ni maungamo zaidi kuliko mahubiri. Baadhi yenu mmeniuliza, kwa upole na heshima, imekuwaje marehemu katekista wetu wa kigango cha mlimani akazikwa bila kupokea Mpako wa Wagonjwa. Nimewajibu kwamba gari liliharibika njiani. Jibu hilo ni la kweli, ila si ukweli wote.

Gari la parokia, kama mjuavyo, ni Toyota Land Cruiser kuukuu lenye injini ya dizeli ya 1HZ. Mbele ya injini hiyo kuna pampu ya maji inayozungushwa na mikanda. Kazi yake ni kuyasukuma maji yapite ndani ya injini na kwenye rejeta, ili joto lisizidi kiasi. Waliounda pampu za namna hiyo waliacha tundu dogo upande wa chini, tena kwa makusudi. Sili ya ndani inapochoka, maji hudondoka kupitia tundu hilo, badala ya kujikusanya kwenye beringi. Mwenye gari anayeona tone chini ya pampu amekwisha kupewa taarifa.

Mimi nililiona tone hilo majuma matatu kabla ya msiba. Nilikwenda hata Songea, nikanunua pampu mpya na gasketi yake, nikaviweka chini ya kiti. Kisha nikaahirisha. Kulikuwa na semina ya vijana, kulikuwa na Kipaimara, kulikuwa na kikao cha Halmashauri. Kila asubuhi niliongeza maji ya bomba, nikafunga boneti, nikaondoka.

Siku ile ya Jumanne niliitwa saa mbili asubuhi: Mwalimu amezidiwa. Nilichukua mafuta matakatifu na Ekaristi, nikaondoka. Kigango kipo kilomita 38 kutoka parokiani. Nilipofika kilomita ya 17, mshale wa joto ulikuwa umepanda hadi kwenye alama nyekundu na mvuke ukatoka mbele. Nilizima injini kando ya gereji ndogo iliyo chini ya mparachichi.

Fundi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alinizuia nisiguse kifuniko cha rejeta, kwa kuwa maji yaliyobanwa kwa presha yakifunguliwa ghafla humrukia mtu na kumbabua. Tukangoja injini ipoe. Saa nne aliitazama pampu, akaitazama ile mpya, akasema, “Baba, kazi yenyewe ni ya saa mbili, lakini hii imekaa miaka mingi na maji matupu. Huenda ikagoma. Panda bodaboda uende kwa mgonjwa, mimi nitabaki na gari.”

Nilimwambia nitasubiri. Mawingu yalikuwa mazito, njia ya mlimani inateleza, na goti langu si zima. Hizo ndizo sababu nilizozitaja. Sababu nyingine sikuitaja: niliona si heshima kwa Paroko kufika kwa mgonjwa akiwa amelowa tope nyuma ya pikipiki.

Kijana alimwaga maji, akalegeza mikanda, akatoa feni na puli yake, akaanza kufungua boliti. Zote zilitoka isipokuwa mbili. Alinieleza kwamba maji yasiyo na dawa ya kuzuia kutu huila chuma pole pole, na kutu ikishaingia kwenye nyuzi za boliti huishika kama gundi. Akanyunyiza dawa ya kulegeza kutu, akagonga taratibu kwa nyundo, akakaa chini. Nikamuuliza mbona amekaa. Akajibu, “Naiacha inywe, Baba.”

Mimi sikuweza kungoja. Saa saba, kijana alipokwenda kutafuta maji, nilichukua spana ndefu, nikaivuta boliti kwa nguvu zangu zote. Kichwa chake kikakatika, nikabaki nacho mkononi. Kijana aliporudi hakunikemea. Alisema tu kwamba sasa kazi imeongezeka. Akaifungua ile ya pili kwa kuivuta kidogo mbele, kidogo nyuma, hadi ikakubali. Hata hapo pampu haikutoka, maana gasketi ya zamani ilikuwa imegandamana na injini. Nilimpa tindo. Akakataa, akisema uso wa pampu ni wa kukutana na uso wa injini, na ukitiwa kovu hata pampu mpya itavuja. Akaigonga pembeni kwa kipande cha mti, zamu kwa zamu, mpaka ikaachia. Kisha akakishika kwa koleo kipande cha boliti kilichobaki, akakizungusha robo kwa robo hadi kikatoka.

Akakwangua gasketi ya zamani kwa subira, akasafisha kwa msasa laini, akaweka gasketi mpya, akakaza boliti kwa kupishanisha pande, kidogo kidogo. Tukajaza maji yenye dawa, akaiacha injini iunguruma kifuniko kikiwa wazi ili hewa itoke. Tuliondoka saa kumi na moja jioni.

Mwalimu alikuwa amefariki saa nane mchana. Kwa bodaboda ningefika saa tano.

Mjane wake alinipokea kwa maji ya kunawa. Akaniambia, “Alikungoja, Baba. Mchana akasema tuanze Rozari, utatukuta njiani.” Sikuwa na la kujibu. Nilisali sala za marehemu na kukaa nao hadi alfajiri.

Wapendwa, Kanisa linatufundisha kwamba Mungu mwenyewe hafungwi na sakramenti alizotuwekea, nami namtumainia Yeye kwa ajili ya mtumishi aliyefundisha katekisimu katika kigango kile miaka mingi kuliko umri wa upadre wangu. Lakini tumaini hilo lisiwe pazia la kuficha uzembe wangu. Kanuni ya 1001 ya Sheria za Kanisa inawataka wachungaji, pamoja na ndugu wa mgonjwa, wahakikishe kwamba anapata faraja ya sakramenti hii kwa wakati unaofaa. Mwalimu alikuwa ameanza kulala kitandani mwezi mzima kabla. Nilijua. Nilikuwa na mafuta kabatini, kama nilivyokuwa na pampu chini ya kiti. Wanawali wapumbavu katika Injili ya Mathayo walipungukiwa mafuta. Mimi sikupungukiwa kitu.

Nawaomba mambo mawili. Kwanza, msingoje mgonjwa akate kauli ndipo mniite. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikumbusha mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika dakika za mwisho. Wakati wake umekwisha kufika mtu anapoanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, nileteeni majina ya wagonjwa wenu Dominika hii baada ya Misa. Pili, mkiniita nami nikatoa udhuru wa gari, niitieni bodaboda. Nitapanda.

Familia ya marehemu nimekwisha kuiomba msamaha nyumbani kwao, na leo nawaomba ninyi nyote. Mjane alinijibu kwamba yeye alinisamehe usiku ule ule. Mniombee nami nijifunze kuupokea msamaha huo.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.

Paroko wenu