Udaktari wa nje: Kabla hujauza shamba

Asubuhi, Mlima Meru ukiwa haujajifunika mawingu, daladala kutoka Tengeru na Ngaramtoni hushusha wagonjwa karibu na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, jijini Arusha. Wengi hujieleza kwa Kiswahili. Bibi aliyezoea Kimaasai husemewa na mjukuu. Daktari huanza kazi yake kwa kusikiliza.

Mzazi anayepiga hesabu ya kumsomesha mtoto udaktari China kwa sababu ya ada nafuu, aanzie hapo. Darasani huko anaweza kufundishwa kwa Kiingereza, lakini wodini mgonjwa anaongea Kichina. Asiyejua lugha hiyo hubaki kutazama wenzake wakimhoji mgonjwa.

Yapo pia yasiyotarajiwa. Februari 2022, vita ilipoanza Ukraine, wanafunzi Watanzania walikimbia wakiacha masomo katikati.

Moshi, kilomita zipatazo 80 kutoka Arusha, ipo KCMC, ambako mwanafunzi hujifunza kwa wagonjwa anaoelewana nao. Ila ushindani wa nafasi ni mkali.

Kwenda nje si kosa. Wapo madaktari wazuri waliosoma huko. Lakini kabla ya kumlipa wakala, uliza TCU kama chuo kinatambulika, na Baraza la Madaktari Tanganyika masharti ya utarajali na usajili. Jumlisha tiketi, viza na bima. Kisha uliza: mwanangu atamhudumia mgonjwa kwa lugha gani?

Majibu yasipopatikana, shamba lisiuzwe kwanza.