Dumuzi Hajui Mpaka: Busia Hadi Tororo

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Kenya na mwingine wa Uganda. Mpakani kipo kituo cha pamoja cha ukaguzi, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018. Malori ya mahindi ya Uganda husubiri zamu yao, na baiskeli zenye magunia hupita kando yake. Kila msafiri huulizwa cheti, ila mmoja tu: mdudu aliyejificha ndani ya punje.

Wabunguaji wa mahindi ni wengi, lakini wawili ndio wanaotisha zaidi. Fukusi, mwenye mdomo mrefu kama mkonga, ni mwenyeji wa siku nyingi. Dumuzi ni mgeni kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Alitambuliwa mkoani Tabora, Tanzania, mwaka 1981, na mwaka 1983 akaonekana Taveta, Kenya. Watanzania walimwita Scania. Wakenya baadaye wakamwita Osama. Hugeuza punje kuwa vumbi, na hata mbao za ghala huzitoboa.

Kwa nini dawa hujaribiwa kabla ya kuaminiwa? Dawa ya pirimifosi-methili humuua fukusi, lakini dumuzi huistahimili. Permethrini humuua dumuzi, lakini kwa fukusi ni dhaifu. Ndiyo maana hizo mbili zikachanganywa katika dawa moja ya unga.

Katika viwanda vya kusaga, dawa hupulizwa ukutani na sakafuni. Wataalamu huipima kwa kuweka wadudu hai juu ya mahali palipopulizwa, wakiwa wamezuiwa kwa kifuniko, kisha kuwahesabu waliokufa. Jaribio hurudiwa baada ya wiki kadhaa, ili ijulikane nguvu iliyosalia. Juu ya bati dawa hudumu. Juu ya saruji tupu hunywewa na kuharibika mapema.

Jambo hilo lina maana ya pekee Tororo, kaskazini ya Busia. Mji huo ulio chini ya jabali lake maarufu umekuwa na kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950. Saruji hujenga ghala lisilopitisha mvua wala panya. Lakini ukuta huo huo huimaliza dawa upesi. Mwenye ghala asidhani kwamba kupuliza mara moja kumetosha.

Nyumbani, kinga huanza kwa jua na ufagio. Mahindi yakaushwe vizuri, ghala lifagiliwe, na mavuno mapya yasichanganywe na mabaki ya zamani. Mfuko usiopitisha hewa, ukifungwa barabara, humnyima mdudu pumzi bila dawa yoyote. Dawa ya kupuliza ukutani isitiwe kamwe katika chakula. Itumike ile tu iliyoruhusiwa kwa nafaka, kwa kipimo kilichoandikwa, na siku za kungojea kabla ya kula zitimizwe.

Askari wa mpakani hulinda njia, lakini gunia hulindwa na mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.